Jedidah, Kalamu na Maji ya Mvuke

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelalia mboga. Werugha, juu milimani, ni hivyo. Mpaka saa tatu humwoni ng'ombe wako mwenyewe, unamsikia tu akitafuna. Jedidah alitoka na kigoda chake, akakaa mlangoni na ubao mapajani, karatasi juu ya ubao, akaanza kumchora ng'ombe ambaye haonekani.

"Unamchora vipi na hayuko?" aliuliza Mwandawiro, mume wake.

"Yuko. Ni wewe hujaamka."

Mdomo wa chini wa Jedidah ulikuwa na bluu katikati, kama siku zote, kwa sababu burashi ya wino aliichongoa kwa ulimi. Akachora pembe mbili, akangoja kidogo, akachukua kikombe chake cha bati na kukiinamisha. Kitupu. Alikisogeza tu upande wa Mwandawiro.

Bomba liko hatua sita kutoka mlangoni, na miguu ya Jedidah ilikuwa mizima. Lakini kikombe hicho, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, yeye hakukijaza hata siku moja, na Mwandawiro hakuuliza kwa nini. Alikijaza, akamwekea. Wakanywa chai na viazi vya jana. Jua likatoka, ng'ombe akaonekana, na pembe zilikuwa pale pale alipoziweka.

Jioni Jedidah alisema kichwa ni kizito, akalala mapema. Hakuamka. Ilikuwa Juni, mwaka wa themanini na saba.

Watu waliokuja matangani waliuliza: siku ya mwisho mlizungumza nini? Mambo makubwa? Hapana. Walizungumza ng'ombe.

Jedidah alizaliwa huko huko Werugha, binti wa Danson, mwalimu wa kanisa. Danson alikuwa na kalamu moja ya wino, nyeusi, ya kunyonya kutoka kwa chupa, na kazi ya kalamu ile ilikuwa kuandika majina ya waliobatizwa. Haikuguswa na mtu. Lakini jina la mwisho likishaandikwa, wino unaobaki kwenye ncha hukauka bure, na Danson hakupenda kitu kiharibike. Basi alimwita mtoto. "Njoo umalize." Jedidah akawa anamaliza. Alimaliza kwenye karatasi za sukari, kwenye pembe za kalenda, kwenye majani ya mgomba karatasi ikikosekana. Kuku. Jembe. Mgongo wa mama yake akipalilia.

Shule alifika darasa la nne. Kwa wino alifika mbali zaidi.

Danson alifariki mwaka wa sitini na moja. Ndugu waligawana shamba na ng'ombe. Kalamu haikutakiwa na mtu, maana ilikuwa inavuja, na Jedidah akaichukua. Aligundua kwamba ukiigeuza ncha chali inatoa mstari mwembamba kama unywele, na ukiikandamiza inatoa mstari mnene kama utambi. Aligundua pia kwamba wino wa bluu-nyeusi ukiugusa kwa maji kabla haujakauka sawasawa, unakimbia. Na pale unapokimbilia ndipo kivuli kinapokaa. Burashi alijitengenezea mwenyewe. Alichukua nywele za ndani ya sikio la ng'ombe, kwa vile za mkia ni ngumu, akazifunga kwa uzi wa katani na kuzichomeka kwenye shina la unyoya wa jogoo. Ng'ombe hakupenda. Lakini burashi ile ilishika maji, na ikilambwa ilichongoka kama sindano.

Hakuna aliyemfundisha. Hilo lijulikane.

Mwandawiro alimwoa mwaka wa sitini na nne, akamshusha Voi. Yeye alikuwa mtu wa boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, kwenye shedi ya reli. Shule hakuingia kabisa. Alijua kusoma mshale wa presha, na kwa kazi yake huo ulitosha. Walikaa kwenye landi, zile nyumba za chumba kimoja kimoja za wafanyakazi wa reli, ukuta wako ni ukuta wa jirani, na jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka.

Jedidah alikuja na sanduku moja, kalamu, burashi, wino, na chupa ya soda iliyojaa maji ya kwao. Mwandawiro aliona maji yale akacheka moyoni. Mtu anabeba maji kuyapeleka kwenye bomba? Mwezi wa kwanza Jedidah alichora kila siku: majirani wakifua, mlingoti wa ishara ya gari moshi, kofia ya mumewe juu ya msumari. Mwezi wa pili chupa ya soda iliisha. Mwezi wa tatu kalamu ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa chini ya kitanda.

Mwandawiro aliona, akanyamaza. Alidhani mke anajuta. Voi ni joto, ni vumbi, na mtu aliyezoea ukungu anaweza kujuta. Naye Jedidah hakusema. Watu wawili wasiopenda maneno wakioana, nyumba hukaa kama kanisa siku ya Jumatatu.

Aliyevunja kimya hicho ni jirani, Mwanaesha, mke wa karani wa tikiti, mtu wa pwani ambaye maneno kwake hayakuwahi kupungua.

"Mwandawiro, huyu mke wako umemtenda nini? Hacheki, hanuni, akaa tu akikodolea macho karatasi nyeupe kama mtu atazamaye jeneza."

"Sijamtenda kitu."

"Basi mtende! Muulize! Kwani mdomo wako umeuazima kwa mtu?"

Akamuuliza. Jedidah akatoa kalamu, akachora mstari, akaugusa kwa maji ya bomba la landi. Wino haukukimbia. Uliganda chembe chembe, kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

"Maji yenu yana chumvi," alisema. "Yanaua wino."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Kwani wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani ni mimi."

Jedidah akamtazama sana. "Wewe pia una chumvi," alisema. "Lakini wewe hunigandishi."

Usiku huo Mwandawiro hakupata usingizi kwa furaha aliyokuwa nayo. Asubuhi alianza kutafuta. Mvua ya Voi ni kama mgeni aliyekosea njia, huwezi kuitegemea. Lakini kwenye shedi kulikuwa na boila kubwa ya kuoshea injini, na bomba moja la mvuke lilivuja kwenye kiungo. Mvuke ule ulipiga bati la ukuta, bati lilikuwa baridi, na maji yakashuka tone tone mpaka chini. Miaka mitatu alikuwa anayapita. Siku hiyo aliinama akayaonja. Hayakuwa na ladha ya kitu chochote duniani. Akaweka kopo.

Jedidah aliyajaribu. Mstari ukakimbia vizuri, ukatoka mweusi, ukawa bluu, ukawa kama moshi, ukaisha bila mtu kuona umeishia wapi. Akageuka akamtazama mumewe, mdomo tayari una bluu, na Mwandawiro akajua kwamba kazi yake ya pili ameipata. Kuanzia siku hiyo hakurudi nyumbani bila kopo. Wenzake walimwita Mama Maji. Hakujali. Kulikuwa na watu mia moja pale reli, na ni mmoja tu ambaye mke wake aliweza kuweka injini ya tani mia mbili juu ya karatasi ikaonekana inapumua.

Sasa, mwaka wa sitini na tisa, mwezi wa tisa, Mama Tryphena, mama yake Jedidah, alishuka Voi kuonwa na daktari wa macho aliyekuwa akipita. Daktari alimtazama kwa tochi, akasema jicho moja limekufa na la pili linafunga, na dawa imechelewa. Ni suala la siku, labda wiki.

Mama Tryphena hakulia. Alirudi landi, akakaa kitandani kwa binti yake, akasema jambo lililokuwa linamla.

"Baba yako alikataa mpiga picha. Alikuja mpaka kanisani na kamera yake ya miguu mitatu, baba yako akasema uso si wa kuanikwa. Haya. Sasa nikimwita kichwani anakuja mgongo tu. Naona koti. Naona kisogo. Namwambia geuka, hageuki. Jedidah, mimi giza siliogopi. Ninachokataa ni kuingia gizani na mgongo."

"Nitamchora, mama."

"Mchore upesi."

Hapo ieleweke hali ya nyumba. Kwa adabu ya kwao, mkwe halali chumba kimoja na mama mkwe, hakai naye meza moja, hata kumtazama usoni hamtazami. Na chumba kilikuwa kimoja. Basi Mwandawiro alihamia kwa Nzioka, dereva wa gari moshi la Taveta, Mkamba ambaye mkewe alikuwa kwao. Kila siku mchana alikuja mpaka mlangoni, akaweka kopo la maji kizingitini, akakohoa mara mbili, akaondoka. Maneno hayakupita. Yaliyosemwa ndani aliyasikia asubuhi na jioni akiwa amekaa baraza ya Mwanaesha, kwa sababu kuta za landi hazifichi kitu.

Kila asubuhi Jedidah alimuuliza mama yake: "Leo unaona nini?"

"Naona komeo la mlango."

Siku mbili baadaye: "Komeo silioni. Mlango naona."

Jedidah alichora. Uso wa kwanza mama yake aliuweka karibu na pua, akausogeza huku na huku, akasema, "Huyu ni ndugu yake. Yule aliyeuza mbuzi wetu." Wa pili: "Huyu ni pasta." Wa tatu aliutazama muda mrefu zaidi. "Huyu anakaribia. Lakini huyu amekula. Baba yako alikuwa na uso wa mtu ambaye hajala."

Mwanaesha alicheka mpaka akajishika ukuta, akamwambia Mwandawiro aliyekuwa amekaa hapo barazani, "Wallahi huyu marehemu mgumu kupatikana kuliko walio hai!"

Uso wa nne ulichorwa Alhamisi jioni, mistari mitupu, kwenye karatasi nene ya mwisho. Mama Tryphena aliushika. Hakusema ni nani. Alipeleka kidole polepole mpaka kwenye shavu la kushoto, pale Danson alipong'oka magego na shavu likaingia ndani.

"Hapa," alisema. "Hapa weka kivuli."

Barazani Mwandawiro alisikia neno hilo akasimama. Kivuli ni maji. Maji ni yeye.

Ijumaa boila ilifungwa. Walikuwa wanaiosha, hakuna moto, hakuna mvuke, mpaka Jumatatu. Mwandawiro alisimama na kopo lake mbele ya bomba kavu. Halafu akaona wanaifungulia boila chini, na maji yanatoka, meupe, safi kama machozi. Akawaza hivi: mvuke unatoka wapi? Unatoka kwenye maji haya. Basi mama na mtoto ni damu moja. Kuna dawa wanayotia ndani, alikuwa anaijua, lakini maji yaliyochemka mchana na usiku siku nne, yamebaki na dhambi gani? Akakinga kopo. Akalipoza. Akalipeleka mlangoni, akakohoa mara mbili, akaondoka kama mkwe mwenye adabu. Angekuwa mume tu siku hiyo angesema, haya si yale. Neno moja lingetosha.

Saa sita Mwanaesha alifika shedi, kanga imemtoka begani kwa haraka.

"Njoo. Mkeo kakaa chini haneni."

Jedidah alikuwa mlangoni. Alimwonyesha karatasi bila kuinuka. Shavu la Danson lilikuwa limegeuka rangi ya kutu, na kutu ile ilikuwa inatambaa mpaka jichoni.

"Maji haya umeyatoa wapi?"

Mwandawiro alitazama chini. Mama mkwe alikuwa ndani, anasikia. Mtu hataji aibu yake mbele ya mama mkwe. Akaitaja.

"Ndani ya boila."

"Si kwenye kiungo?"

"Kiungo kimekauka. Nikaona ni yale yale."

"Huko ndani wanatia nini?"

"Magadi. Ya kuzuia ukoko. Nilidhani yakichemka sana yanakwisha."

Kutoka ndani, taratibu, sauti ya Mama Tryphena ikasema, "Jedidah, mwambie mkwe wangu, magadi hata kwenye maharagwe hayaishi."

Jedidah alitaka kulia, kicheko kikamtangulia. Akageuza kichwa ndani.

"Mama, leo unaona nini?"

"Dirisha."

"Na jana?"

"Jana niliona mpaka nondo zake."

Basi hakuna kungoja Jumatatu. Kupanda Werugha na kurudi na maji ni siku mbili, na siku mbili hazikuwepo. Mwandawiro hakuomba msamaha, hakujua uanzie wapi. Aliingiza mkono tu mlangoni, akiangalia upande, akachukua mfuniko wa sufuria na kikombe cha bati, akaenda mbio stesheni.

Gari la Taveta lilikuwa limesimama, injini mbele, inanguruma. Linaondoka saa nane. Nzioka alikuwa anafuta mikono kwa tambara.

"Nzioka, nipe mvuke."

"Nikupe nini?"

"Mvuke. Kidogo. Wa kikombe."

"Mwandawiro, mimi nina abiria. Nina mabehewa kumi ya Taveta. Nina inspekta pale anatazama saa kama aliizaa yeye. Na wewe unataka chai?"

"Si chai. Ni ya baba mkwe."

"Baba mkwe wako si alikufa?"

"Ndiyo maana."

Nzioka alimwangalia. Alikuwa amelala naye chumba kimoja wiki mbili na hakuwahi kusikia maneno mengi hivyo kwa siku moja. Akapanda, akafungua kikoki kidogo cha mvuke kando ya kibanda chake. Mvuke ukatoka ukipiga mluzi. Mwandawiro aliinua mfuniko akaukinga kwa mshazari, tambara mkononi, kikombe chini ya ukingo. Mfuniko ukatokwa jasho. Tone likatembea, likasita, likaanguka kwenye kikombe. Likaja la pili.

Tone haliharakishwi. Tambara likalowa, halafu likachemka. Mwandawiro alijua akisogeza mkono, maji yatamwagika chini kwenye kokoto na habari itakuwa imekwisha. Hakusogeza.

"Nzioka!" inspekta aliita kutoka jukwaani. "Mbona hatuondoki?"

"Nakaza nati!"

"Nati gani?"

"Ile iliyolegea!"

Kikombe kilipofika nusu Nzioka alifunga kikoki. Mwandawiro alishuka na kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeungua, haukufunga. Nzioka akapiga honi, akatoa kichwa nje, akapaza sauti juu ya magurudumu, "Mwambie mzee ameichelewesha reli!"

Maji yalikuwepo. Karatasi haikuwepo. Iliyobaki dukani ilikuwa ile nyepesi ya kufungia, ambayo ikigusana na maji inapasuka. Mwandawiro, akiwa nje ukutani na mkono ndani ya ndoo ya Mwanaesha, alisikia mambo yakizungumzwa.

"Fungua furushi langu la kitambaa," Mama Tryphena alisema. "Toa Biblia ya baba yako. Mwanzoni kuna ukurasa mtupu, mnene. Chora humo."

"Mama, ni Biblia."

"Ni yake. Akae kwake."

Ukurasa ulikuwa mmoja tu. Hakukuwa na wa kujaribia. Jedidah alikaa sana bila kufanya chochote. Mwandawiro alijua kwa sababu kalamu ile inasikika. Ncha yake ilikuwa inakwaruza kama panya mwenye heshima. Halafu ikaanza. Ilikwaruza taratibu, ikasimama, ikakwaruza kwa sauti nyembamba zaidi: ameigeuza chali, anachora nyusi. Mwanaesha mwenyewe alinyamaza, na hilo halikuwa limewahi kutokea pale landi. Kisha kimya kikaja. Kalamu inasikika, burashi haisikiki. Mkono wa Mwandawiro uliuma ndani ya maji, naye aliwaza tone moja tu, lililotoka kwenye mfuniko, sasa liko kwenye shavu la mtu aliyemjua kwa jina tu.

Miguu ikasogea mlangoni kutafuta mwanga. Mwandawiro akageuka akatazama ukuta, kama inavyopasa.

Ukurasa ukasikika ukisogezwa huku na huku.

"Mwambie," Mama Tryphena alisema.

"Nimwambie nani, mama?"

"Mwambie baba yako afunge hicho kifungo. Miaka thelathini namwambia."

Jedidah alikuwa amekiacha wazi kifungo cha juu cha shati. Hakuna aliyemkumbusha, mkono wake ndio uliokumbuka. Mama Tryphena akaketi pale pale kizingitini, Biblia magotini, pua karibu iguse ukurasa. Akaanza kumsema marehemu kwa Kidawida, lugha ya kwao, habari za mbuzi, za paa lililovuja, za mpiga picha na kamera yake. Alimsema mpaka jua likashuka, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke ambaye mumewe amechelewa kurudi na sasa amerudi.

Alimtazama Jumamosi yote na Jumapili yote. Hata kanisani hakwenda. Jumanne asubuhi Mwandawiro alileta kopo, la mvuke wa kweli, akakohoa, na kabla hajaondoka akasikia.

"Mama, leo unaona nini?"

"Mwanga tu. Mwanga bila vitu."

"Na baba?"

"Baba yako yupo. Amegeuka. Mwache sasa, haendi."

Habari ilienea. Wakati ule watu wengi walizikwa bila kuacha picha, na ndugu zao walianza kuja landi. Walitoka Voi, walitoka milimani, mmoja alitoka Njukini kwa gari la Nzioka. Walikaa kitandani, wakamweleza Jedidah pua, sikio, namna marehemu alivyokasirika. Yeye alisikiliza zaidi ya alivyouliza. Akikosea walimwambia huyo ni shangazi, naye alianza upya bila kununa. Mzee mmoja alipoonyeshwa uso wa mtoto wake alivua kofia. Mwandawiro alikuwa mlangoni siku hiyo na kopo lake. Alirudi shedi akitembea katikati ya reli kama inspekta.

Kabla ya mwaka wa themanini injini za mvuke ziliondoka, zikaja za dizeli, ambazo hazitoi jasho la kufaa. Boila ikazimwa. Walipanda Werugha kwa pensheni, kwenye maji laini ya bomba, na hapo kazi ya Mwandawiro ingeweza kuisha. Lakini Jedidah aliendelea kuinamisha kikombe na kukisogeza upande wake.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi kuliko viti. Wengine walikuja na nyuso za watu wao, wamezifunga kwa plastiki, wakaziinua juu kaburini kama vile wale nao wamekuja. Mwandawiro aliombwa aseme machache. Alisimama, akafungua mkono wa kulia, akatazama ile alama ya mfuniko, nusu duara kiganjani, akakaa.

Binti yao Mable, aliyezaliwa landi na sasa ni mwalimu, akasimama badala yake. Kaka ya Jedidah alikuwa ameleta Biblia ya Danson, iliyokaa kwake tangu Mama Tryphena afariki. Mable akaifungua mwanzoni. Danson alikuwepo, hajala, kifungo wazi. Chini yake kulikuwa na mstari wa maandishi madogo. Kwenye picha zake nyingine Jedidah hakuandika kitu. Kwenye hii aliandika, na miaka kumi na minane Mwandawiro, asiyejua kusoma, alidhani ni jina la Jedidah mwenyewe, au mstari wa dini.

Mable akasoma kwa sauti ya darasani, kila mtu akasikia: "Danson, baba yangu. Mkono wa Jedidah. Maji ya Mwandawiro."

Watu wakageuka kumtazama mzee. Hakuinamisha kichwa. Kwa mawazo alikuwa amerudi landi, jioni ile ya Ijumaa, mkono umefungwa kitambaa, mama mkwe amelala, na Jedidah ametoka nje kumwonyesha ukurasa kwa taa ya Mwanaesha. Alikuwa ameona yale maandishi akauliza, "Hapo chini umeandika nini?"

Jedidah alikausha kalamu kwa upindo wa leso, mdomo wake una bluu, akasema, "Nimeandika ukweli tu, Baba Mable. Wewe lete maji."